Maji yameenda wapi? Kisa cha watoto saba wa Embakasi na somo la udongo

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha usiku, kituo kimoja cha kulelea watoto Embakasi, mashariki mwa Nairobi, kiliwapeleka watoto saba kwenye msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji. Mdogo wao alikuwa na miaka miwili na mwezi mmoja, mkubwa miaka mitatu na miezi minne. Watu wazima walikuwa watatu: mwalimu wa kituo, msaidizi wake, na mama wa mmoja wa watoto. Mpango wao ulisema hivi: kuingia langoni, kutembea hadi kwenye maporomoko ya maji na mapango, kuwaeleza watoto jinsi volkeno ilivyotengeneza mawe ya Nairobi, kuokota mawe ya kurudi nayo kituoni, kula, kwenda nyumbani. Walikadiria kilomita tano kwenda na kurudi.

Walifika mita 700. Watoto watatu walirudi wamebebwa, mmoja amelala, mmoja analia kwa sababu ya siafu, mmoja hataki kukanyaga chini, na mawe hayakuokotwa.

Safari hii inafaa kuchambuliwa kwa sababu hapakuwa na uzembe ndani yake. Mwalimu alijiandaa, alisoma kuhusu miamba, aliwapenda watoto wake. Mpango ulikuwa mzuri kwa darasa la nne. Kwa mtoto wa miaka miwili ulikosea karibu kila kipimo, na wiki tatu baadaye mwalimu yuleyule, kwa watoto walewale, aliurekebisha ukafanya kazi.

Jinsi asubuhi ilivyokwenda

Gari liliondoka Embakasi saa mbili, likakwama kwenye foleni, likafika langoni saa nne kasoro dakika ishirini. Hapo chupa za maji za plastiki zikazuiwa. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja na kutupa haziruhusiwi kwenye mbuga, misitu na fukwe zinazolindwa Kenya, na kila anayepanga kwenda msituni na watoto anapaswa kulijua hilo kabla ya kufunga mkoba. Yakabaki maji ya thamosi moja ya lita moja kwa watu kumi.

Dakika kumi na mbili za kwanza walitembea kama mita 60. Kulikuwa na jongoo njiani. Watoto wanne walichuchumaa wakimwangalia anavyojikunja akiguswa na kijiti, na mmoja akamfuata kwa magoti hadi alipoingia chini ya majani makavu. Mwalimu akawaambia, "Twende, twende, tutaona maji makubwa mbele." Ukitafuta ni wapi somo lilipotea, ni hapo. Watoto walikuwa wamefika kwenye somo lao, wakaondolewa.

Mbele kidogo, kwenye mwamba uliojitokeza kando ya njia, mwalimu alieleza kwamba zamani sana moto ulitoka chini ya ardhi ukawa jiwe. Mtoto wa miaka mitatu aliangalia viatu vyake, kisha akainua mikono abebwe. Alikuwa ameelewa vizuri kabisa alichoambiwa: moto uko chini, na yeye amesimama juu yake. Hakukubali tena kukanyaga chini mpaka langoni.

Kisha siafu. Baada ya mvua siafu huhama kwa misururu, na msururu ukikatiza njia hauonekani kirahisi kwenye udongo wenye majani. Msaidizi alisimama palepale akianza kumpangusa mtoto, na siafu wengine wakazidi kupanda. Kanuni ni kuondoka kwanza, hatua kumi au zaidi, ndipo uvue viatu na suruali na kuwang'oa mmoja mmoja kwa vidole. Suruali iliyochomekwa ndani ya soksi ingewazuia wengi wao.

Katika purukushani hiyo mtoto mwingine alikutwa na tunda la mukinduri shavuni. Matunda ya mti huu yametapakaa chini karibu kila msitu wa Nairobi, ni magumu, ya mviringo, yenye upana wa sentimita mbili na kitu, yaani saizi mbaya kuliko zote kwa koo la mtoto. Walipokaa kula, kima akachukua ndizi mbili mkononi mwa mtoto. Saa tano na robo wakageuza.

Hesabu ya miguu

Watu wazima huhesabu safari kwa kilomita. Mtoto wa miaka miwili hana safari, ana vituo. Anatembea hatua ishirini, anasimama, anachuchumaa, anarudi nyuma kuangalia alichokipita. Ukimwacha kwa mwendo wake, panga mita 500 hadi 800 kwa saa, na saa moja na nusu ndiyo mwisho wa asubuhi nzima. Ukimharakisha anaenda mbali zaidi kwa muda mfupi, halafu anakaa chini, na kuanzia hapo unabeba kilo 12 hadi 14 kwenye matope. Wabebaji watatu, watoto saba: hesabu haiingii.

Kuna na suala la saa nzuri. Watoto wa umri huu wako vizuri kati ya kifungua kinywa na usingizi wa mchana. Kwa kituo hiki usingizi ni saa sita. Waliofika Karura saa nne kasoro walikuwa wameshatumia saa nzima na zaidi ya uchangamfu wao wakiangalia kisogo cha dereva. Karura haina kosa. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000, na kuwa upo leo ni kwa sababu mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999. Mtoto anayekaa karibu nao anaweza kuufaidi mita 400 kwa wakati, wiki baada ya wiki. Anayetoka Embakasi anahitaji mahali pa kufika mapema, kisha ageuze bila kuona kwamba amekosa kitu.

Idadi ya watu wazima nayo iandikwe kabla ya orodha ya vyakula. Kwa watoto chini ya miaka minne kwenye njia ya msituni, mtu mzima mmoja kwa watoto wawili. Karibu na mto, mkono kwa mkono, na hakuna kusogea chini ya mita tatu kutoka ukingoni. Mito ya Nairobi hubeba maji taka, kwa hiyo haiguswi hata pale inapoonekana safi.

Moto wa chini ya ardhi

Aliyoyasema mwalimu ni kweli. Nairobi yote imekaa juu ya miamba ya volkeno. Vilima vya Ngong ni mabaki ya volkeno iliyokuwa hai mamilioni ya miaka iliyopita. Chini ya jiji kuna tabaka za lava zilizoganda, na kuna majivu ya volkeno yaliyoshikana yakawa jiwe, lile jiwe la kijivu lililochongwa na kujengea kuta nyingi za zamani za mji huu. Wanajiolojia waliliita kwa jina la bonde la Kirichwa. Mtu mzima anayeongoza watoto na alijue hili, kwa sababu litamsaidia kuchagua pa kusimama.

Lakini mtoto ambaye bado anachanganya jana na kesho hana mahali pa kuiweka miaka milioni tano. Anachoweza kukishika ni kile kinachotokea mbele yake, sasa, na kinachorudiwa akikitaka tena. Jiwe ni zito. Jiwe lina baridi asubuhi na lina joto mchana. Maji yanashuka. Udongo unakunywa maji. Maneno hayo manne ni sayansi ya dunia kamili kwa umri huo, na kila moja linatosha kwa asubuhi moja. Kuyafundisha yote siku moja ni kutofundisha lolote.

Kama ni lazima volkeno iguswe, iguswe kupitia jiwe la kusugulia nyayo. Yako mawe ya aina hiyo sokoni ambayo ni povu la volkeno lililoganda, na yanaelea. Yajaribu kwanza kwenye beseni, kwa sababu mengine ni mazito na huzama. Mpe mtoto lililoelea na jiwe la kawaida la ukubwa uleule, beseni la maji, na nusu saa. Neno "moto" halihitajiki.

Safari ya pili

Wiki tatu baadaye, Jumamosi ya mwanzo wa mwezi wa sita, kundi lilikwenda Arboretum, ile bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribu miti inayokua haraka kwa ajili ya kuni za treni. Ina kama hekta 30, na upande mmoja inashuka kuelekea mto Kirichwa Kubwa. Mteremko huo ndio uliotafutwa. Walitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, wakawa langoni saa mbili kasoro. Wazazi wawili waliongezwa, sasa watu wazima watano. Maji yalibebwa kwenye chupa za chuma, lita sita: tatu za kunywa, tatu za somo.

Somo lilikuwa moja, kwamba maji yanashuka, na udongo mwingine unayapitisha upesi kuliko mwingine. Vituo vitano, mita 600 kwa jumla. Cha kwanza ukuta wa jiwe, kuugusa tu kwa viganja na mashavu. Cha pili makopo ya udongo. Cha tatu mteremko wenyewe: kila mtoto akamwaga maji juu ya njia na kuufuata mkondo mpaka ulipoisha. Cha nne mizizi iliyobaki wazi kando ya njia baada ya mvua kuchukua udongo. Cha tano chakula, mbali na miti yenye kima, na mikono ikanawiwa kwa sabuni kwanza kwa sababu udongo wa mahali penye watu na mbwa huwa na mayai ya minyoo.

Makopo mawili

Watoto wa Embakasi wanaishi juu ya udongo mweusi, ule unaoshika viatu mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kuingiza mkono kiangazi kikikaza. Upande wa magharibi na kaskazini mwa jiji, ardhi ni nyekundu. Udongo wote wawili umetokana na miamba ya volkeno. Kwenye miinuko maji hupita chini kwa urahisi, hewa inaingia, chuma kilichomo kinashika kutu, udongo unakuwa mwekundu. Kwenye tambarare maji husimama, na ukatokea udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Mtoto wa Embakasi anayefika Arboretum anakanyaga rangi nyingine, na huo ni mwanzo mzuri kuliko maporomoko yoyote.

Vifaa ni makopo mawili ya bati ya nusu kilo, yanayolingana. Toboa matundu manane chini kwa msumari, pigilia ncha zilizotokeza zilale, na uzungushie utepe wa kitambaa mdomoni pasikate. Udongo mweusi ulitoka uani kwa kituo. Mwekundu ulinunuliwa kwa wauza miche kando ya barabara, kwa sababu msituni na bustanini hapachimbwi wala hapachukuliwi kitu. Kila kopo lijazwe theluthi mbili. Chini ya kila moja weka sahani nyeupe, na uliinue kopo kwa vijiti viwili ili matone yaonekane yakianguka. Kipimo cha maji ni nusu kikombe cha chai.

Hapa ndipo wengi hukosea, na kituo hiki kilikosea pia kilipojaribu Jumatano. Waliweka udongo mweusi mkavu, wa mabonge. Maji yalipita kama kwenye kapu, yakatoka chini mara moja, na mwekundu ukaonekana kuyachelewesha maji kuliko mweusi. Sababu ni kwamba udongo mweusi mkavu umejaa nyufa, na maji hukimbilia kwenye nyufa. Ukishalowa unavimba, nyufa zinafunga, maji yanasimama juu. Kwa hiyo uvunje mabonge yawe kama punje za maharagwe, uloweshe Ijumaa jioni mpaka ukandike kama ugali, ufunike kwa kitambaa kibichi. Asubuhi uubonyeze ndani ya kopo kwa kidole gumba, hasa pembeni, la sivyo maji yatateleza ukutani mwa bati na kukudanganya.

Mwekundu uutendee kinyume. Usiukande. Chembe zake zimeshikamana kama makombo ya mkate, na maji hupita katikati ya makombo hayo. Ukiubonyeza unayaponda, nao utashika maji kama mweusi. Uweke mbichi kidogo, uligonge kopo mara tatu mezani, basi. Huku si kuwachezea watoto kiini macho: ndivyo kila udongo ulivyo mahali ulipotoka siku ya mvua.

Na usitumie mtihani wa kuviringa mpira kuonyesha tofauti. Udongo mwekundu wa Nairobi nao ni wa mfinyanzi, utaviringika vizuri tu, na somo litakufia mkononi.

Wakati wa kumwaga, mtu mzima anasema maneno machache: "Mwaga." Kisha, "Maji yameenda wapi?" Kisha ananyamaza na kuhesabu moyoni mpaka kumi. Kunyamaza huku ndiko kunakowashinda watu wazima. Kwenye kundi hili mwalimu alifika sita mara ya kwanza akataka kujibu mwenyewe, msaidizi akamgusa bega.

Mtoto wa miaka miwili na miezi minane alimwaga kwenye kopo jekundu, akainama mpaka paji la uso likagusa nyasi, akaona matone mekundu yakianguka kwenye sahani. Akarudia. Akamwaga kwenye jeusi, akainama vilevile, akangoja. Sahani ikabaki nyeupe. Akasimama, akachungulia juu ya kopo, akaweka kidole kwenye maji yaliyotuama. "Anti, maji imelala." Msaidizi akamjibu, "Eeh, maji yamelala." Akaishia hapo. Hakuongeza maelezo, na alifanya vizuri. Mtoto alimwaga mara nyingine tisa. Kituo hicho kilichukua dakika 25 badala ya kumi zilizopangwa, kikala muda wa kituo cha nne, na hiyo ni sawa. Kituo kinachofupishwa ni kinachofuata, si kile watoto walichochuchumaa.

Kutu ilionyeshwa kwa kufuli kuukuu, kubwa, lisiloweza kuingia mdomoni. Watoto walilisugua kwenye kitambaa cheupe, kikapata rangi. Kisha wakasugua udongo mwekundu kando yake. Wakubwa wawili waliona zinafanana. Wadogo walipenda kusugua, na hilo linatosha.

Vya kuangalia njiani

Chochote kinachopita ndani ya bomba la karatasi ngumu linalobaki karatasi ya chooni ikiisha kinaweza kumkaba mtoto: libebe bomba hilo, na kagua nalo kokoto na mbegu kabla ya kuzigawa. Thabai, mmea unaowasha ngozi ukiuguswa, hukua kando ya njia zenye unyevu, kwa hiyo mtu mzima atangulie. Yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyeusi na ya machungwa, anayeitwa Nairobi fly, asipondwe juu ya ngozi, maana sumu iko kwenye maji ya mwili wake. Mpulize aondoke, osha mahali hapo kwa sabuni. Jioni, kagua kupe nyuma ya masikio na kwapani. Beba poti, mfuko wa nguo za ziada kwa kila mtoto, na leso mbili za kubebea mgongoni. Mwezi wa sita hadi wa nane asubuhi za Nairobi ni baridi, na mtoto aliyelowa mikono hadi viwiko anatetemeka ndani ya dakika chache, hivyo nguo zibadilishwe palepale, si kwenye gari.

Kujua kama limeingia

Kumuuliza mtoto wa miaka miwili "ulijifunza nini?" hakuleti kitu. Angalia kama anatarajia. Kwenye safari ya pili, watoto watatu kati ya saba, baada ya kumwaga mara kadhaa, waliweka kiganja chini ya kopo jekundu kabla maji hayajatoka, na hawakukiweka chini ya jeusi. Mwalimu aliandika majina yao na tarehe kwenye daftari. Kiganja hicho kilichotangulia maji ndicho ushahidi, nacho hakihitaji mtoto ajue kuongea.

Makopo yalibaki uani, karibu na mfereji, watoto wayachezee wakitaka. Mwezi wa saba mvua zilikuwa zimekatika na udongo mweusi wa pale ukaanza kupasuka. Mtoto mdogo kuliko wote, aliyelala njia nzima ya kurudi kutoka Karura, alichukua kikombe cha maji ya kunawa akakimwagia kwenye ufa. Maji yakatoweka. Aliangalia ufa, akaangalia ndani ya kikombe, kisha akazunguka upande wa pili wa ukuta kutafuta yanapotokea.